Dalali anasema jengo litajilipa lenyewe. Je, nikope ninunue?

Mshauri, shikamoo.

Nina umri wa miaka 38, nimeajiriwa, na kwa kujibana nimefikisha akiba ya 46,000. Jina la sarafu nimeliacha makusudi ili jibu lako limfae msomaji yeyote. Chukua tarakimu zenyewe. Matumizi yangu ya nyumbani ni kama 900 kwa mwezi, na baada ya hapo mshahara hunibakizia 500.

Lengo langu ni kujenga kipato cha nyumba za kupangisha, kisha baada ya miaka mitano niache kazi. Nimeonyeshwa mali mbili.

Ya kwanza ni jengo la fleti sita, bei 120,000. Kila fleti inalipiwa 200 kwa mwezi na zote zimejaa. Dalali ananiambia hiyo ni faida ya asilimia 12 kwa mwaka. Benki iko tayari kunikopesha 84,000 kwa miaka 15 kwa riba ya asilimia 11, mimi nitoe 36,000. Dalali anasema wapangaji ndio watakaolipa mkopo, pango litapanda, na jengo litajilipa lenyewe. Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi kwa sababu yupo mnunuzi mwingine.

Ya pili ni nyumba ya zamani yenye pande mbili, kila upande na mlango wake, jiko lake na choo chake. Bei ni 38,000. Paa linavuja na upande mmoja hauna mtu. Nyumba za jirani za ukubwa huo zinapangishwa 230. Fundi amekadiria paa na marekebisho mengine 4,500. Dalali huyohuyo anasema hiyo itanipotezea muda.

Je, ninunue ipi? Nikague nini kabla ya kutoa fedha? Wapangaji niwachague vipi? Na kuna binamu yangu anaomba, nikinunua lile jengo, nimpe fleti moja kwa nusu ya pango awe msimamizi. Nifanyeje?

Mwenye Akiba

*

Marahaba, binti yangu.

Jengo la fleti sita, kwa bei hiyo na kwa mkopo huo, usilinunue. Sina maana kwamba ni jengo baya, kwa kuwa sijaliona. Tarakimu ulizoandika mwenyewe zinatosha kulikataa. Fuatana nami hatua kwa hatua, maana hesabu hii utaihitaji kwa kila nyumba utakayoonyeshwa.

Fleti sita kwa 200 ni 1,200 kwa mwezi, yaani 14,400 kwa mwaka. Ukigawanya kwa 120,000 unapata ile asilimia 12 ya dalali. Hiyo ni mapato ghafi, na hakuna mwenye nyumba anayekula mapato ghafi. Kwanza toa muda ambao fleti hukaa wazi. Mpangaji anapohama unapaka rangi, unatengeneza kitasa, unatafuta mwingine, na huyo mwingine anaomba kuanza mwanzo wa mwezi ujao. Kuhesabu mwezi mmoja mtupu kwa kila fleti kwa mwaka ni tahadhari ya kawaida, na ndani yake mna pia wale wanaochelewa au kuondoka na deni. Inabaki 13,200.

Sasa gharama. Nimekadiria kwa jengo la ukubwa huo, nawe utaweka tarakimu za kweli ukishapata risiti za muuzaji: ushuru wa jengo na ardhi 600, bima 480, matengenezo madogomadogo (asilimia 10 ya mapato ghafi) 1,440, taa za nje, usafi, ulinzi na kunyonya shimo la maji taka 900, usimamizi (asilimia 8 ya pango lililokusanywa) 1,056, matangazo, mikataba na vitabu vya hesabu 240. Usimamizi uhesabu hata kama kazi utaifanya mwenyewe, kwa sababu muda wako una thamani na ipo siku utaugua au utahamishwa kikazi.

Kipo kifungu kimoja ambacho wanunuzi wengi hukiruka, nacho ndicho kinachowaumiza: akiba ya vitu vikubwa. Paa lina umri. Pampu ina umri. Rangi ina umri. Ukichukua gharama ya kubadilisha kitu na kuigawanya kwa miaka kitakachodumu, unapata deni ambalo kitu hicho kinakudai kila mwaka kimyakimya. Tuseme kupaka rangi jengo lote ni 2,000 kila miaka mitano: hiyo ni 400 kwa mwaka. Matangi na pampu 1,500 kwa miaka kumi: 150. Paa 9,000 kwa miaka ishirini: 450. Jumla 1,000 kwa mwaka. Usipoziweka pembeni, kwa miaka michache ya mwanzo utajiona umefaidi, kumbe umekuwa ukilila paa polepole.

Gharama zote ni 5,716. Ukizitoa kwenye 13,200 unabaki na 7,484. Hilo ndilo pato halisi la jengo kabla ya mkopo na kabla ya ushuru wa mapato. Na jengo halitakugharimu 120,000 peke yake. Ada za uhamisho, wakili, mthamini na benki zinaweza kufika asilimia 5, yaani 6,000, na marekebisho ya kuanzia yaweke 4,000. Jumla 130,000. Gawanya 7,484 kwa 130,000: asilimia 5.8. Ile 12 imekwisha kupungua kwa zaidi ya nusu, na benki bado hatujaigusa.

Mkopo wa 84,000 kwa riba ya asilimia 11 kwa miaka 15 una marejesho ya 955 kwa mwezi, karibu 11,457 kwa mwaka. Jengo linatoa 7,484. Pengo ni 3,973 kwa mwaka, sawa na 331 kila mwezi, na pengo hilo litajazwa na mshahara wako. Katika ile 500 inayokubakia, theluthi mbili zitakuwa zimekwenda. Hata ukitokea mwaka wa ajabu ambao hakuna fleti iliyokaa wazi hata siku moja na kila mpangaji kalipa kwa wakati, bado utapungukiwa karibu 2,870.

Chanzo chake ni chepesi kukiona. Unakopa fedha kwa asilimia 11 ili kununua kitu kinachozaa asilimia 5.8. Katika hali hiyo kila senti unayoongeza kwenye mkopo inakuongezea hasara. Mkopo hukuza faida pale tu pato halisi la nyumba linapozidi gharama ya fedha ulizokopa. Likiwa chini yake, mkopo huo huo hukuza hasara kwa nguvu ileile. Ukisikia mtu amepanda haraka kwa mikopo ya nyumba, uliza riba yake ilikuwa ngapi na pato halisi lilikuwa ngapi.

Dalali atakujibu kwamba pango litapanda. Sawa, tupime. Ili jengo lilipe gharama zake na mkopo bila kukugusa, mapato ghafi yanatakiwa kufika karibu 19,745 kwa mwaka, maana yake kila fleti ipande kutoka 200 hadi 274. Hilo ni ongezeko la asilimia 37, huku nikiwa nimeacha bima, ushuru na ulinzi vilevile bila kupanda, jambo ambalo halitokei. Pango likipanda asilimia 5 kila mwaka bila kukosa, utafika huko mwaka wa saba. Miaka yote hiyo wewe ndiye unayelibeba jengo. Usitegemee pia kwamba deni litakuwa limeyeyuka: katika rejesho la kwanza la 955, riba peke yake ni 770, na deni linapungua kwa 185 tu. Tena uliza kama riba inabadilika. Ikipanda hadi asilimia 13 kabla hujaanza kulipa, rejesho linakuwa 1,063.

Kuna jambo jingine ambalo huenda hukuliona. Ukitoa 36,000 ambazo benki inataka utoe mwenyewe, 6,000 za ada na 4,000 za marekebisho, umemaliza 46,000 zote. Ungeingia katika jengo la familia sita ukiwa huna akiba hata ya kununua pampu. Wapo watu wengi wanaouza nyumba kwa hasara kwa sababu hiyo: nyumba yenyewe ilikuwa nzuri, ila walishindwa kuvuka mwaka mmoja mgumu.

Basi jengo hilo lingefaa kwa bei gani? Ukitaka pato halisi la asilimia 9 kwa fedha zote utakazotumia, gawanya 7,484 kwa 0.09 upate karibu 83,150. Toa marekebisho 4,000. Kisha gawanya kwa 1.05 kwa ajili ya ada. Inabaki kama 75,000. Mtajie dalali tarakimu hiyo kwa adabu na umwonyeshe hesabu. Akicheka, mwache acheke. Na hata kwa bei hiyo ungehitaji mkopo wa riba iliyo chini ya asilimia 9, au mkopo mdogo sana. Kipimo ambacho wakopeshaji wenyewe hukitumia ni kwamba pato halisi liwe angalau mara 1.25 ya marejesho. Kwa jengo hili, pato la 7,484 linabeba marejesho yasiyozidi 5,987 kwa mwaka, nayo kwa riba yako ni mkopo wa karibu 43,900. Benki inakupa 84,000 kwa sababu inautazama mshahara wako. Kama jengo litaweza kulipa au la, hilo halijapimwa.

Kuhusu mnunuzi mwingine: mwache anunue.

Twende kwenye nyumba ya pande mbili, ambayo dalali ameidharau. Kamisheni atakayolipwa dalali kwa nyumba hii ni ndogo kuliko ya jengo la 120,000, na hilo pia lipime unapousikiliza ushauri wake. Pango la 230 mara mbili ni 5,520 kwa mwaka. Toa mwezi mmoja mtupu, inabaki 5,060. Gharama: ushuru 190, bima 160, matengenezo 552, akiba ya vitu vikubwa 350, usimamizi 405, mengineyo 100, jumla 1,757. Pato halisi 3,303. Ukinunua kwa 38,000, ukaongeza ada 1,900 na marekebisho 4,500, umetumia 44,400, na pato ni asilimia 7.4 bila mkopo wowote. Si mbaya, lakini umebaki na 1,600 tu mkononi, na paa bovu huficha mengine chini yake.

Kwa hiyo toa ofa ya 34,000 na uieleze: paa linavuja, upande mmoja haulipi, nawe unalipa fedha taslimu bila kusubiri benki. Muuzaji mwenye nyumba inayovuja anajua kila msimu wa mvua unamshushia bei. Kwa 34,000 jumla inakuwa 40,200, pato asilimia 8.2, na unabaki na 5,800. Gawa hizo: 2,700 ni za kwako, miezi mitatu ya matumizi, usiziguse kwa ajili ya nyumba, 3,100 ni za nyumba. Akikataa na kutaka bei ya katikati, mimi nisingevuka 36,000.

Hizo 8.2 zilinganishe na kitu kimoja zaidi kabla ya kusaini: riba utakayopata ukiikopesha serikali yako kwa hatifungani ya muda mrefu, ambako huamshwi usiku kwa bomba lililopasuka. Ikiwa hatifungani inalipa karibu sawa, nyumba iwe na sababu nyingine ya kuichagua, kwa mfano uwezo wa kuongeza chumba uani, au pango linalopanda na bei za vitu wakati riba ya hatifungani imesimama palepale. Uliza pia ushuru wa mapato ya pango unatozwaje kwenu. Ziko nchi zinazotoza asilimia ya mapato ghafi, nyingine hutoza kilichobaki baada ya gharama. Ukitozwa kwenye ghafi, unalipa ushuru hata mwaka ambao nyumba imekula kuliko ilivyoleta. Hesabu zangu hapo juu hazina ushuru huo, uongeze.

Sasa ukaguzi. Nenda na fundi asiyejuana na dalali wala muuzaji, na umlipe wewe. Ikiwezekana nenda mara mbili, mara moja mvua inaponyesha au imetoka kunyesha.

Anzeni juu. Ingieni darini mchana, zimeni tochi, mtulie kidogo: mwanga unaopenya kwenye matundu ya misumari unaonyesha maji yanapoingia. Kisha washeni tochi mtafute madoa, na mchome mbao za kenchi, yaani fremu inayobeba paa, kwa bisibisi. Ikizama kwa urahisi, mbao imeoza au imeliwa na mchwa, na hapo makadirio ya 4,500 hayapo tena, maana fundi alihesabu kubadilisha bati na huenda kenchi nzima ikatakiwa. Hilo ndilo swali kubwa la nyumba yako, kwa hiyo usiridhike na fundi aliyetazama kutoka chini. Makadirio ya mwisho ayaandike kwa vipande: idadi ya bati, urefu wa mbao, misumari, kofia za paa, mifereji ya maji, siku za kazi. Juu yake weka asilimia 20 ya dharura.

Ukutani, nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta hazina tishio. Ufa unaokwenda kimshazari kutoka kona ya dirisha au mlango, unaopanuka kadiri unavyopanda, na unaoweza kuingiza sarafu, unaashiria kwamba msingi unazama upande mmoja. Huo aupime mhandisi kabla hujatoa ofa yoyote. Rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu wa nyumba iliyochakaa iulizie. Unyevu unaoanzia sakafuni na kupanda hadi kiunoni hutoka ardhini. Ulio juu hutoka kwenye paa au bomba, na huo ni rahisi zaidi kuutibu.

Kwa maji, fungeni bomba zote kisha tazameni mita. Ikiendelea kuzunguka, kuna bomba linalovuja chini ya sakafu au choo kinachopitisha maji muda wote. Halafu fungulieni bomba zote kwa pamoja mwone kama presha inatosha pande zote mbili. Fungueni mfuniko wa shimo la maji taka na muulize lilinyonywa lini. Shimo linalojaa kila baada ya wiki chache ni dogo mno, au udongo umekataa kunyonya. Kwa umeme, fundi afungue boksi kuu: aone kama kuna waya wa ardhi uliounganishwa kweli, kama kuna swichi ya kukata umeme unapovuja, na kama kuna nyaya zilizoungua au zilizoungwa kwa gundi ya karatasi.

Na mita. Kila upande uwe na mita yake ya umeme na ya maji. Kama ni moja kwa wote, ulizia gharama ya kuzitenganisha uitoe kwenye bei. Bili ya pamoja inagombanisha wapangaji wema, kwa sababu mmoja ana watoto wanne na mwingine anaishi peke yake, na mwisho wote wanakugeukia wewe.

Karatasi zisimamiwe na wakili wako, asiwe wa muuzaji. Afanye upekuzi kwa msajili wa ardhi, asikubali nakala iliyoletwa na dalali. Anatafuta mambo haya: jina lililopo kwenye hati ndilo la anayeuza, hakuna rehani, zuio wala kesi, mwenzi wa ndoa au warithi wametoa ridhaa kwa maandishi, ujenzi ulikuwa na kibali, ushuru wa nyuma na bili za maji zimelipwa. Mpima ardhi aonyeshe mipaka kwenye ardhi yenyewe, kwa sababu ukuta unaouona unaweza kuwa umekaa ndani ya kiwanja cha jirani. Fedha zipite kwenye akaunti ya wateja ya wakili, na mkataba useme wazi kwamba malipo ya awali yanarudi yote hati ikibainika ina kasoro. Usimpe dalali fedha za nyumba mkononi, awe amekufahamu miaka mingapi.

Nyumba ikiwa na mpangaji ndani, mwombe asaini karatasi moja: analipa kiasi gani, ameingia lini, ameweka amana kiasi gani, amelipa hadi mwezi gani, ameahidiwa nini na mwenye nyumba. Amana hiyo lazima muuzaji akukabidhi siku ya kununua, la sivyo utairudisha wewe kutoka mfukoni mwako. Omba pia taarifa za benki za miezi 12 zinazoonyesha pango likiingia. Mali ikisemwa “imejaa” wakati nusu ya wapangaji wameingia ndani ya miezi miwili iliyopita, kuna uwezekano mkubwa imejazwa kwa ajili yako.

Kumchagua mpangaji ni kazi itakayoamua raha yako kuliko nyumba yenyewe. Kipato chake kiwe angalau mara tatu ya pango, kithibitishwe kwa karatasi ya mshahara au mwenendo wa akaunti. Mpigie mwenye nyumba wake wa zamani, yule wa kabla ya huyu wa sasa. Wa sasa anaweza kumsifu ili amwondoe. Wa zamani hana cha kupoteza. Vigezo viwe vilevile kwa kila anayeomba, viandikwe, na visiguse kabila, dini wala hali ya ndoa. Fleti kukaa wazi wiki tatu zaidi ni hasara unayoijua ukubwa wake. Mpangaji mbovu hujui atakugharimu kiasi gani.

Siku ya kukabidhi funguo, pitieni chumba kwa chumba mkiwa na orodha: kuta, vitasa, bomba, taa, vioo, na usomaji wa mita. Pigeni picha, msaini wote. Orodha hiyo ndiyo itakayoamua ugomvi wa amana miaka miwili baadaye. Amana ikae akaunti yake peke yake, kwa kuwa ni mali ya mpangaji hadi itakapothibitika vinginevyo. Mkataba utaje tarehe ya kulipa, anayelipa bili ipi, anayetengeneza nini, muda wa notisi kwa kila upande, na lini pango linaweza kupitiwa upya.

Akichelewa, mkumbushe siku ya kwanza kwa ujumbe mfupi wa heshima. Siku ya tano mpigie simu, umsikilize. Siku ya kumi andika barua yenye kiasi na tarehe. Mkikubaliana alipe kwa awamu, iandikwe na isainiwe. Ikishindikana, fuata baraza au mahakama inayohusika. Usifunge mlango wake kwa kufuli, usikate maji wala kutoa vyombo nje. Katika nchi nyingi ni kosa la sheria, na kila mahali ni ukatili kwa familia iliyolala humo. Tena mara nyingi humgeuza mwenye haki kuwa mshtakiwa.

Pango lipandishe kidogo kidogo na kwa notisi. Ukimpandishia mpangaji mzuri kutoka 230 hadi 240 unaongeza 120 kwa mwaka. Akihama kwa sababu hiyo na upande ukakaa wazi mwezi mmoja, umepoteza 230 pamoja na rangi. Kwa mpangaji anayelipa kwa wakati na kutunza, mimi ningekubali kukaa chini kidogo ya bei ya mtaa.

Binamu yako: nusu ya pango kwenye fleti ya 200 ni mshahara wa 1,200 kwa mwaka, zaidi ya ile 1,056 niliyoiweka kwa usimamizi wa jengo zima. Kwa nyumba ya pande mbili hakuna kazi ya kumlipa mtu hivyo. Kama anahitaji makazi na unaweza kumsaidia, msaidie kwa fedha kutoka kwenye mshahara wako, kwa kiasi unachokijua, na kazi ya nyumba ibaki kando. Msimamizi ndugu ni vigumu kumdai risiti, na ni vigumu zaidi kumwondoa.

Na kazi yako. Matumizi yako ni 10,800 kwa mwaka. Kwa pato halisi la asilimia 8 unahitaji mali ya 135,000 isiyo na deni ili pango likulishe, tena kabla ya ushuru. Ukinunua nyumba ya pande mbili utakuwa unaweka 500 za mshahara na karibu 275 za nyumba, yaani 9,300 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ni 27,900, fedha za kuanzia nyumba ya pili ya aina hiyohiyo, safari hii kwa mkopo mdogo ambao nyumba yenyewe inaubeba kwa kipimo cha 1.25. Miaka mitano haitoshi kufika 135,000, na anayekuambia inatosha anataka usaini. Inatosha kukufikisha kwenye nyumba mbili zinazojitegemea. Mshahara ndio unaokupa mkopo wa riba nafuu na ndio unaokuvusha paa likipasuka, kwa hiyo ushike hadi pato halisi la nyumba, baada ya ushuru na akiba zote, liwe limelipa matumizi yako yote kwa miezi 12 mfululizo huku mshahara ukiwa umekaa benki bila kuguswa.